Upande wa Gaudensia

Jirani yangu mpya ana baraza lenye kingo za mbao, na wiki iliyopita alimwita fundi azipake vanishi. Nilikuwa natoka kazini nimechoka, mawazo yote yako kwenye maharage niliyoyaacha yamelowekwa, harufu ikanikuta getini kabla sijamwona mtu. Nikasimama. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani, na kando yake alikuwepo binti yake wa miaka kumi hivi, brashi mkononi, ncha ya ulimi imetoka nje kwa umakini. Mtoto aliniamkia bila kuinua macho kwenye ubao wake. Niliitikia marahaba, nikaingia kwangu, nikakaa kwenye kochi na viatu vyangu miguuni, na hapo nikatambua jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu. Nilikuwa namwonea wivu yule mtoto.

Sisi tuliokulia Mfaranyaki wakati barabara za mitaani bado ni vumbi jekundu tupu tunakumbuka nyumba zetu zilivyofanana: tofali za kuchoma, bati, mlango mmoja mbele na mwingine wa kutokea uani. Yetu ilijitofautisha kwa kitu kimoja. Baba yangu alikuwa seremala, na mbele ya nyumba alijenga baraza akalizungushia kingo za mninga. Zilikuwa na nguzo fupi zilizochimbiwa ardhini, fito nyembamba katikati, na juu ubao mpana wa kuegemea, uliolainishwa mpaka mgeni akiupitisha kiganja hutaka kuupitisha tena. Hakuwa na kibao cha tangazo. Aliyetaka kujua kazi ya fundi Otmari aliletwa barazani, akaegemea, akatazama mwenyewe. Kila mwaka mvua zikishakatika na baridi ikaanza kushuka kutoka milima ya Matogoro, baba alizipiga msasa kingo zile, akazitia rangi na kuzipaka vanishi upya, maana mvua za kwetu hazina adabu na mbao ya nje.

Kwa miaka mitatu nilikuwa mshika kopo. Nilishika kopo la vanishi kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka altareni, nikahama na baba kutoka nguzo hadi nguzo, na nikapumua ile harufu mpaka kichwa kikawa chepesi. Brashi sikuruhusiwa. "Ukifika darasa la tano," baba aliniambia, "nitakupa upande mmoja wa baraza, upake mwenyewe." Sikuomba kitu kingine duniani. Wenzangu walitaka viatu vya sikukuu, mimi nilitaka darasa la tano.

Nikafika darasa la tano, na mwaka huohuo akaja Gaudensia.

Alikuwa mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa analima tumbaku kule Namtumbo. Baba mkubwa alifariki, mama yake Gaude akarudi kwao na watoto wadogo, naye akaletwa kwetu na kiroba kimoja cha nguo. Alinizidi umri kwa mwaka, hivyo ilinipasa kumwita dada. Nilijitia kusahau. Shuleni walimweka darasa la tatu, kwa sababu ugonjwa wa baba yake ulikuwa umemlia miaka miwili, na akisoma alipita juu ya maneno kwa kidole, taratibu, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Hilo lilinifurahisha sana. Najua si jambo la kusema, lakini nimeahidi moyoni kwamba nitayasema yalivyokuwa.

Lakini alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho, nacho hakikuwa cha kunyang'anywa: jina. Gaudensia lilikuwa jina la bibi yetu mzaa baba, na kwetu mtoto akibeba jina la bibi, baba humwita mama. Si utani. Humwita mama mbele za watu, humsalimia kwa heshima asubuhi, na kumchapa hawezi, maana nani atamchapa mama yake? Mimi niliitwa Imelda kwa sababu sista mmoja wa zahanati alilipenda jina hilo siku niliyozaliwa. Imelda alichapika vizuri tu.

"Mama umeamkaje?" baba alimuuliza kila asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu.

"Salama, baba mdogo."

"Baridi haikukuuma?"

Mimi nilikuwa nimekaa palepale na kikombe changu cha uji. Mimi baridi ilikuwa imeniuma.

Jumatatu moja ya mwanzo wa kiangazi, tumetoka shule, nikamkuta baba barazani na makopo yake. Nikaenda mbio kubadilisha sare. Niliporudi, Gaude alikuwa ameshavaa suruali kuukuu ya baba iliyokunjwa mara tatu miguuni, na mkononi ana brashi mpya. Baba alikuwa ameikata mpini akaupiga msasa ili ukae kwenye kiganja kidogo. Niliuona ule mpini uliokatwa, nikasogea karibu.

"Baba, na mimi?"

"Wewe lete kitabu chako cha Kiswahili. Kaa pale mlangoni usome. Kwa sauti, nikusikie."

"Ulisema nikifika la tano."

"Nilisema. Na sasa nasema soma."

Nikaleta kitabu. Mama akapita na ndoo, akanitazama usoni, akacheka. "Imelda, mdomo huo tungeanikia nguo."

Kwa akili yangu ya wakati ule, kusoma ilikuwa adhabu. Watoto wenye faida walifanya kazi, waliobaki walikalishwa na vitabu wasisumbue. Nikawaza kwamba baba amepata mtoto wa kweli, mwenye jina la nyumba, na mimi nimewekwa kando polepole. Nilisoma kwa sauti kama alivyotaka, ila kila nilipofika kwenye nukta nilitupa jicho.

Niliyaona yote. Aliosha ubao na kuuacha ukauke. Alifundishwa kupitisha msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, asizikate, kisha kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Nilimwona akirudi uani jioni na vumbi la mninga kwenye kope, akinuka kama baba anavyonuka, na mama akimpa maji ya moto ya kunawa. Mikono yake ilianza kuota sugu. Niliitazama mikono yangu laini yenye wino kwenye kidole kimoja, nikaichukia. Nilipokuwa peke yangu niliisugua kwenye tofali la ukuta ili nayo iote sugu, lakini niliambulia mchubuko tu.

Sasa, kwa wasiojua kazi hii, kuna mafuta ambayo fundi wa kwetu hawezi kuyakosa. Ni oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Unapaka oili mguu wa nguzo, pale inapoingia ardhini, na mchwa hawasogei. Baba alikuwa na kidumu chake nyuma ya jiko na tambara lake limetundikwa kwenye msumari, na onyo lake tulilijua kabla ya sala ya Baba Yetu: lile tambara lisipande juu ya nguzo. Mbao iliyokunywa oili haishiki vanishi. Unaweza kungoja mpaka Pasaka, haikauki.

Jumamosi mchana baba alimaliza kupaka miguu ya nguzo zote oili, akaenda mjini kununua kopo lingine la vanishi. Gaude alitumwa mashineni kusagisha mahindi. Upande wake wa baraza, ule unaotazama barabara, ulikuwa umepigwa msasa mpaka umekuwa na rangi ya waridi, unangoja rangi ya kahawia siku ya Jumatatu. Ulikuwa mzuri. Upande huo ndio niliokuwa nimeahidiwa mimi.

Sikufikiri sana. Nililichukua tambara kwenye msumari, nikalichovya ndani ya kidumu, nikalikamua, nikaufuta ubao wa juu wote kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, na fito zake pia. Mninga uliinywa oili ile kwa kiu. Nasema ukweli, nilikuwa na raha. Nilinawa kwa jivu na sabuni ya kipande, nikarudi mlangoni na kitabu changu.

Nilitegemea kelele. Sikuwa nimetegemea kilichotokea. Baba alirudi jua likiwa limeinama, na Gaude naye akawa anaingia na debe la unga kichwani. Baba akasimama mbele ya ule upande. Harufu ya oili ilikuwa imejaa barazani kote kwa sababu ya miguu ya nguzo aliyoipaka mwenyewe, na isitoshe alikuwa na mafua. Alichokiona ni ubao uliokolea rangi ya hudhurungi, sawasawa, bila michirizi.

"Mama!" alisema. "Umetia rangi mwenyewe? Hukuningoja?"

Gaude alitua debe. Akautazama ubao. Akaitazama mikono yake miwili, myeupe kwa unga.

"Rangi kukolea hivi, mimi nilijifunza kwa miaka miwili," baba aliendelea. "Huu mkono ni wa bibi yako aliyekuwa anafinyanga vyungu. Mama Imelda, njoo uone!"

Mama akaja, akasifu. Na Gaude, ambaye hakugusa kitu, akanyamaza. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, na uso wake wote ukachanua. Mimi niliyeifanya ile kazi nilikuwa mlangoni na kitabu, na sifa zangu zinamwagwa miguuni kwa mwingine. Nilitaka kupiga kelele, ni mimi! Nilijizuia kwa sababu moja tu, nilijua ni oili.

Jumatatu walipaka vanishi. Jumanne haikukauka, baba akailaumu baridi. Jumatano akalilaumu kopo. Alhamisi upande mwingine wote wa baraza ulikuwa unang'aa kama kioo, na wa Gaude ulikuwa unanata. Manyoya ya kuku yalikuwa yamejishika pale, na vumbi jekundu la barabarani, na mguu mmoja wa panzi. Baba alikuwa anaupita bila kuutazama.

Siku hiyohiyo alikuja mwalimu mmoja aliyekuwa anajenga nyumba kubwa na alitaka baraza la namna yetu, pande tatu. Mama alikuwa ameshatoa chai. Kabla baba hajamwonyesha pa kukaa, mwalimu akafanya walichofanya wageni wote, akaegemea. Alipotaka kusimama, shati lake jeupe likabaki nyuma kidogo, kisha likabanduka kwa mlio. Mgongoni alikuwa na mstari mweusi kutoka ubavu hadi ubavu.

"Fundi, hii bado mbichi?" aliuliza kwa upole.

"Ina siku nne, mwalimu," baba akajibu. Hakujua kudanganya.

"Haya. Nitapita siku nyingine."

Hakupita. Baba alimsindikiza mpaka barabarani akimwomba radhi, akarudi, akapiga magoti mbele ya ule ubao, akaukwangua kwa ukucha na kuupeleka ukucha puani. Mafua yalikuwa yameisha.

"Oili," alisema.

Alimwita Gaude. Hakumwita mama. "Gaudensia," alisema, na sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo likiwa peke yake namna ile. "Ulipaka kwa tambara la kwenye msumari?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Niliwaza, sasa atasema. Atasema hakupaka yeye, baba atauliza ni nani basi, na nyumba hii haina watu wengi.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Sikukukataza?"

"Ulinikataza."

Baba aliinuka. Kumchapa asingeweza. Akaenda karakana, akarudi na vipande viwili vya kioo kilichovunjika, vile mafundi wanavyokwangulia mbao, na chupa ya tina ya kuyeyushia vanishi. "Utautoa wote," alisema. "Hata ikichukua mwezi."

Nami nilifurahi. Sitalipamba. Jina lilikuwa limemtoka, nikaona nafasi yangu imefunguka, na nilikula ugali jioni ile kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu alipokuja.

Nikiwa naosha sahani uani, mama alimuuliza baba jikoni, "Lakini huyu Imelda nawe humpi brashi kwa nini? Mtoto ananuna mpaka anakonda. Ulimwahidi."

"Imelda kitabu kinamkaa," baba alisema. "Nataka aende sekondari kwa masista. Nitaweza kumsomesha mmoja, mama Imelda, wawili sina ujanja. Huyu wa marehemu kaka shule imeshampita. Nikifa kesho atashika nini? Ndiyo nikasema nimpe mikono yangu. Sasa ona."

Mtu mzima anayesoma hapa anajua nilipaswa kusikia nini. Nilipaswa kusikia kwamba fungu kubwa lilikuwa langu, na kwamba yule niliyemwonea wivu ndiye aliyekatiwa kipande kidogo. Niliyasikia maneno hayo yote, sikuwa kiziwi. Lakini yaliyoniingia ni matatu tu, nimpe mikono yangu. Mikono yake anampa yeye, na mimi ananipa masista.

Gaude alikwangua kila siku baada ya shule. Kioo kwenye mbao kina mlio wa kukereketa meno. Siku ya kwanza alikuwa peke yake. Siku ya pili baba alipita, akasimama, akamwonyesha namna ya kulaza kioo kisitafune. Siku ya tatu alivuta kigoda akakaa upande wa pili wa ubao na kipande chake cha kioo, na wakawa wanakwangua wote wawili, wakikutana katikati. Walizungumza. Nikasikia baba akicheka. Nilikuwa mlangoni na kitabu, na nikaelewa kwamba nimekosea hesabu vibaya mno. Nilimharibia kazi ya siku tano, nikampatia baba kwa mwezi mzima.

Baba alipoingia ndani kunywa maji nikatoka, nikaokota kipande cha kioo, nikakaa kwenye kigoda chake.

"Acha," Gaude alisema.

"Nakusaidia."

"Sitaki. Najua ni wewe, Imelda. Jumamosi ile tulipokula mikono yako ilinuka oili, na sahani ni moja."

Nilikiweka kioo chini. "Mbona hukusema?"

Hakuacha kukwangua. "Nilijua aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Ningesema, hii adhabu wangekupa wewe," alijibu. "Ungekaa wewe hapa na baba mdogo."

Mpaka leo sijui mtoto wa miaka kumi na moja aliyatoa wapi maneno hayo. Alikuwa amekubali kuonekana mkaidi, amekubali kupoteza lile jina la mama, ili mradi asinigawie ule ubao. Kumbe wivu haukuwa wangu peke yangu, tena wake ulikuwa na akili kuliko wangu.

Nikainuka, nikamfuata baba ndani. Watu husema mtoto akiungama mwenyewe ameguswa na dhamiri. Mimi dhamiri haikunigusa hata kidogo. Niliungama kwa wivu. Nilitaka kile kioo. Nilitaka niambiwe, nenda ukakwangue hata ikichukua mwezi.

"Baba, ni mimi niliyepaka oili," nilisema. "Si Gaude. Yeye alikuwa mashineni."

Baba aliweka kikombe juu ya mtungi. Nilimwona akiyapanga mambo kichwani moja baada ya jingine, ubao, mwalimu, Gaude na unga wake mikononi. Sikumwona amekasirika. Ningependa angekasirika.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Uliniahidi upande ule."

"Ni kweli," alisema. "Nilikuahidi, nikavunja. Hilo ni kosa langu, na nitalibeba." Kisha akavuta pumzi. "Na wewe la kwako utalibeba hivi. Kuanzia leo mbao zangu usiziguse. Hata kopo usishike. Utakaa pale mlangoni, utasoma mpaka niseme basi."

"Nichape, baba," nikasema. Nililia. "Nichape tu, halafu nikakwangue."

"Sikuchapi. Kasome, Imelda."

Alitoka. Nilimsikia akivuta kigoda, nikamsikia akisema, "Mama, nisamehe," na kisha vioo viwili vikaanza tena.

Nikakaa mlangoni, nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa. Nilisoma hivyo mwezi ule na miezi iliyofuata, ukurasa baada ya ukurasa, kwa chuki, macho kwenye mistari na masikio kwenye mbao. Mwisho wa mwaka nikawa wa kwanza darasani. Mwalimu mkuu alinipandisha jukwaani mbele ya wazazi, akasema mtoto huyu anapenda kusoma kuliko kitu kingine chochote, na baba yangu akasimama akapiga makofi kwa mikono yake yote miwili.